Sikio la Lovina

Watu hudhani filamu hutengenezwa na waigizaji. Mimi huwaacha wadhani hivyo, maana ukibishana na mtu aliyetoka kulia machozi sinema utamharibia siku yake bure. Lakini kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa msimamizi wa chumba cha kukatia mikanda katika studio ya Ostrander, hapa nje ya Los Angeles, na nakuambia wazi: mfalme hafi mpaka mimi nimkate, na wapenzi hawabusiani mpaka mimi niwaunganishe kwa gundi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, glavu nyeupe mikononi, mikasi mezani, madirisha yamefungwa kwa kuogopa vumbi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuongeza wala kupunguza picha hata moja bila amri. Picha, namaanisha vile vijipicha vilivyopangana kwenye mkanda, kumi na sita na ushei kwa kila sekunde. Nilijivunia jambo hilo kuliko wengine wanavyojivunia watoto wao.

Ndiyo maana kisa hiki kinanichekesha mpaka leo. Niliivunja sheria yangu mwenyewe, tena mara mbili, na sijutii hata chembe.

Ilikuwa mwaka 1925, mwezi wa Aprili. Bwana Pruett, mkuu wa matangazo, mtu wa tai ya madoadoa na maneno mengi, aliingia chumbani kwetu bila kubisha hodi. Akatangaza kwamba studio itatengeneza filamu ya kujionyesha yenyewe: maseremala, mafundi umeme, washonaji, wapishi, simba kwenye tundu lake, kila mtu na kazi yake. Filamu itapelekwa bure kwenye majumba ya sinema nchi nzima ili watu waone maisha yalivyo ndani ya geti letu.

"Hata nyie mtaonekana, mabibi," akasema. "Sekunde nne."

"Nne?" nikamuuliza. "Na simba je?"

"Simba dakika moja."

"Basi ningezaliwa na mkia, Bwana Pruett."

Wasichana walicheka, isipokuwa mmoja. Lovina Dunkel alikuwa mdogo kuliko wote, umri wake miaka ishirini na miwili, nywele nyekundu kama kutu, mpole hata unasahau kwamba yumo. Alisimama na mkasi mkononi. "Samahani, bwana. Itafika Nebraska?"

"Binti, itafika hadi mahali ambapo barua hazifiki," akajibu Bwana Pruett, akatoka zake.

Mchana nilimkuta Lovina ameketi kwenye ngazi za nyuma, mkate wake wa mayai hajaugusa. Mimi si mtu wa kubembeleza, nikamwambia ale au anipe. Akanieleza mambo ambayo kwa miaka miwili hakuwahi kumwambia mtu pale kazini.

"Mimi na kaka yangu tulitoka New York kwa treni ya mayatima, Bi Hester. Mimi miaka minne, yeye minane. Kila mji walitushusha, wakatupanga mstari jukwaani, watu wakaja kutuchagua. Nebraska, mkulima mmoja akamshika Tad mikono, akaona ina nguvu, akamchukua. Mimi hawakunitaka. Nilikuwa mdogo, halafu nalia. Nikarudishwa kwenye treni."

"Mji gani?"

"Nilikuwa sijui kusoma."

"Jina la ukoo?"

"Nalo sikumbuki. Walionilea walinipa lao. Hata hili la Lovina wamenipa wao. Ofisi iliyotusafirisha nimeiandikia mara nne, wanasema makaratasi yaliungua." Akajifuta pua. "Lakini Tad akiniona kwenye hiyo filamu atanijua. Sisi wote nywele zetu ni hizi hizi."

Hapo moyo uliniuma, maana ilibidi mimi ndiye nimwambie. "Mtoto wee, umekaa humu miaka miwili hujaona? Kamera haioni wekundu. Nyekundu yote hutoka nyeusi. Utaonekana una nywele kama buti lililopakwa rangi."

Alikuwa analijua hilo, kama sisi sote tulivyolijua. Ila matumaini yalikuwa yamemsahaulisha. Akaanza kulia, na mimi machozi ya watu hunichanganya, nikaanza kumfokea. "Acha! Huna alama nyingine? Kovu? Jino? Kidole cha sita?"

Akatazama huku na huku kuhakikisha hakuna mtu. Akasukuma nywele nyuma, akalikunja sikio lake la kushoto, akalisokomeza lote ndani ya tundu lake, likakaa humo kama konokono aliyejificha. Kisha akakaza taya, mikono ameiweka mapajani. Sikio likachomoka lenyewe, pwa!

Nilikuwa nimeshaanza kuula mkate wake, na yai likanipalia. Nilikohoa mpaka mlinzi akachungulia.

"Nani kakufundisha mambo hayo?"

"Tad. Treni ilipoanza kuondoka yeye alikuwa kwenye stesheni na yule mkulima, mimi dirishani nalia. Akalikunja la kwake, akaliachia. Nikacheka. Ndivyo tulivyoachana, Bi Hester, mimi nacheka."

Nikaumalizia mkate wake. Halafu nikamwambia siku ya kupigwa picha abane nywele zote kisogoni, na mtu akimuuliza kwa nini hakufuata mtindo wa siku hizi wa nywele fupi za kufunika masikio, amlete kwangu.

Siku yenyewe ilipofika usingeamini kwamba wale ni watu wanaoishi na kamera. Maseremala walikuja na suti za kanisani, nyundo wamezishika kama mashada ya maua. Mafundi wa kupaka waigizaji nyuso walijipaka wenyewe, na kwenye jua lile walifanana na maiti waliotoroka. Washonaji, kwa kuwa wanajua nguo nyeupe humeremeta vibaya kwenye filamu, walivaa njano wote thelathini, ukiwaona kwa mbali utadhani vifaranga. Mpishi mkuu alikataa kusimama bila sufuria yake ya supu, na supu ikamwagikia viatu vya Bwana Pruett. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Zamu yetu ikafika. Tulipangwa ukutani, kumi na wawili, kwa urefu. "Jisikieni kama mko kazini!" akapiga kelele Bwana Pruett. Kazini huwa tumekaa, lakini nani angemwambia.

Lovina alikuwa kando yangu. "Mimi mstari siuwezi, Bi Hester," akanong'ona. "Nikisimama hivi nasikia kama naangaliwa meno."

Nikamshika mkono, glavu kwa glavu. "Sikiliza. Huu si ule mstari. Hapa ulishachaguliwa zamani, na aliyekuchagua ni mimi, na sijakurudisha. Haya, kunja sikio."

Kamera ikaanza kuzungushwa, ikapita taratibu kutoka kushoto. Wenzetu wakatabasamu kama walioumwa tumbo. Ilipofika kwa Lovina alikaza taya, na sikio likachomoka vizuri kuliko siku ile ya ngazini. Mpiga picha aliuma midomo asicheke. Bwana Pruett alikuwa bado anafuta viatu, hakuona kitu.

Aliona siku ya tatu, tulipomwonyesha mkanda uliosafishwa. Akaruka kitini. "Hebu rudisha! Sikio la huyo msichana limefanya nini?"

"Limechomoka, bwana," nikasema.

"Tunawaonyesha Wamarekani nyumba yenye heshima zake, Bi Quimby, siyo sarakasi! Kata. Toa kipande chote, wote kumi na wawili. Nani anataka kuona wanawake wamesimama kama meno? Na urefu wa filamu usizidi hata futi moja."

"Ndiyo, bwana."

Nikarudi mezani na mkanda mama, ule unaozaa kopi zote. Nikaweka mkono kwenye mkasi. Lovina alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuniomba. Angeniomba ningemfukuza, ningekasirika, ningekumbuka miaka yangu kumi na mmoja na kukata. Lakini alisema tu, "Asante kwa kunishika mkono siku ile," akarudi kwenye kiti chake na kuendelea na kazi.

Basi nikafanya nililofanya. Wanawake kumi na wawili niliwaacha mahali pao. Urefu nao ilibidi utoke mahali, nikautafuta. Ndani ya filamu hiyo Bwana Pruett mwenyewe alikuwemo, ameketi ofisini anazungumza na simu sekunde ishirini nzima huku akijipapasa tai. Nikaona kumi na sita zinamtosha, maana simu yenyewe haikuwa na waya.

Filamu ilijaribiwa Jumamosi alasiri katika jumba moja la sinema kule Pasadena, mbele ya watu waliolipa kiingilio kuona kitu kingine. Nilikaa safu ya nyuma. Mkubwa wetu, Bwana Ostrander mwenyewe, alikuwa mbele na Bwana Pruett. Maseremala wakapita, watu wakapiga miayo. Simba akapita, wakasema aa. Halafu tukaja sisi. Sikio likachomoka.

Jumba lilivunjika mbavu. Mpiga piano alisahau kupiga, akageuka kutazama. Watu walipiga makofi na kudai sehemu hiyo irudiwe, na ikarudiwa. Taa zilipowashwa nusu ya watazamaji walikuwa wameshika masikio yao, wanajaribu kuyakunja, bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya akiwemo. Bwana Pruett aligeuka kunitafuta. Nikawa naisoma dari.

"Pruett!" akasema Bwana Ostrander kwa sauti kubwa. "Hilo sikio ni wazo lako?"

Bwana Pruett akajipapasa tai. "Vitu vidogo vidogo, bwana, huwa navifikiria mwenyewe."

Kesho kutwa yake alipita mlangoni kwetu, akakohoa. "Bi Quimby, naona simu yangu imekuwa fupi."

"Ni mkanda, bwana. Husinyaa ukikauka."

Akanitazama, akaondoka, na neno hilo halikuzungumzwa tena.

Kopi arobaini zilitumwa pande zote za nchi. Kwa kuwa zilikuwa za bure, zilirudi kwetu kila baada ya wiki chache kurekebishwa zilipokatika, kisha zikatumwa kwingine. Barua nazo zikaja kwa fungu. Wanaume saba waliomba kumuoa mwenye sikio. Mmoja wa Ohio aliandika kwamba mbuzi wake anaweza kufanya vile vile na akauliza kama tuna nafasi. Kila asubuhi Lovina alikuwa wa kwanza kwenye mkokoteni wa barua, na kila asubuhi alirudi na barua za watu wengine.

Juni ikapita, na Julai. Agosti akaacha kwenda.

"Labda amekufa, Bi Hester."

"Usiniletee maneno hayo."

"Au haendi sinema."

"Basi atakuwa mjinga, na wewe si ndugu wa mjinga. Shika mkasi."

Nilimsema kwa ukali, lakini nikifika nyumbani nilikuwa silali vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia atoe sikio, na sasa nilianza kuona kama nimemfungulia mtoto dirisha ambalo hakuna mtu nje.

Septemba ikarudi kopi namba ishirini na tatu, kutoka mji mdogo wa Nebraska uitwao Pawley Springs. Niliikagua mwenyewe, vidole vikipita ukingoni kama kawaida, na nikagusa kiungo ambacho si chetu. Nikaitazama kwenye mwanga. Wanawake kumi na wawili hawakuwepo! Simba, kisha moja kwa moja wapishi. Nikahesabu upungufu kwa kulinganisha na kopi nyingine: picha sitini na saba.

Sasa, waendesha projekta ni wezi, kila mtu wa kazi yetu anajua. Huchomoa kijipicha hiki na kile wakabandika ukutani. Lakini huiba waigizaji wasichana waliovaa nguo za kuogelea, na wasichana hao katika kopi hii walikuwepo wote, hata mmoja hakuguswa. Huyu mshenzi alichukua chumba changu! Tena alichukua kizima, akaunganisha vizuri kuliko baadhi ya wasichana wangu, jambo lililonipandisha mori zaidi. Naona aibu kusema kwamba lile la Nebraska halikunijia akilini kabisa. Nilikuwa nimeshaona kopi za Ohio na Texas zilizoibwa sikio, kwa hiyo niliona wizi tu, na wizi wa mkanda hunipofusha. Niliketi nikaandika barua kwa mwendesha projekta wa Pawley Springs, kurasa mbili, na neno la heshima lilikuwa moja tu, lile la "Bwana" mwanzoni. Nikatia sahihi na anwani, nikaipeleka posta mwenyewe ili nisije nikapoa njiani. Lovina sikumwambia, kwa kuwa sikutaka kumtonesha.

Asubuhi moja ya Oktoba mlinzi wa geti, mzee Lindqvist, akanipigia simu. "Bi Hester, hapa kuna mtu anasema amekuja kurudisha wizi."

"Nini?"

"Miaka tisa nimekaa geti hili. Wamekuja wanaojiita wana wa wafalme, wamekuja wanaojiita wapanda farasi. Anayejiita mwizi ni huyu wa kwanza. Nimlete au nimpige?"

"Mshike hapo hapo. Atanitambua."

Nilikwenda nikipanga maneno njia nzima. Kwenye geti alisimama mwanamume mrefu, kofia imeshuka hadi nyusi, mikono ya koti imeishia mbali na viganja. Alikuwa ameshika mkebe wa tumbaku kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Bi H. Quimby?"

"Ndiye."

"Barua yako ni kali."

"Hiyo ni karatasi. Subiri usikie mdomo."

"Naomba niseme kwanza, mama." Akaukumbatia mkebe kifuani. "Siku za wiki nafanya kazi kwenye kinu cha ngano. Jumamosi naendesha projekta. Mkanda wenu niliuonyesha mara sita, watu wakadhani nimerukwa na akili. Nikakata kipande ili nikitazame nyumbani, nihakikishe. Kila siku nilisema leo naandika, halafu naogopa. Nikasema kama siye, bora nibaki na hizi picha nisijue. Ndipo barua yako ikaja. Ukaniita mwizi, mchawi wa mkasi, na ukasema kama nina haya hata kidogo nirudishe kwa mkono wangu mwenyewe."

"Nilisema kwa mkono wako?"

"Mstari wa tisa." Akavua kofia kwa adabu. "Basi nikapanda treni."

Nywele zake zilikuwa nyekundu. Zilikuwa nyekundu kama kutu, pale kwenye jua, na mimi niliyekaa miaka kumi na mmoja nikitazama dunia nyeusi na nyeupe nilisimama mdomo wazi kama mtu aliyeonyeshwa rangi kwa mara ya kwanza.

"Bi Hester?" akauliza Lindqvist. "Nimpige?"

"Ukimgusa nitakukata wewe," nikasema, nikamshika yule mtu kiwiko, nikamvuta mbio kama mama aliyechelewa kanisani.

Mlangoni kwetu nilimsimamisha nikampa glavu, kwa kuwa hakuna aingiaye chumba changu bila glavu, liwe liwalo. Akahangaika nazo, nikamvalisha mimi. Lovina alikuwa meza ya mwisho, ameinamia kazi. Yule mwanamume akapita katikati ya meza, wasichana mmoja mmoja wakaacha mikasi, na akasimama mbele ya Lovina. Akalikunja sikio lake la kushoto. Akalisokomeza ndani.

Lovina akainua macho.

Pwa!

Alicheka. Kabla ya kulia, kabla ya kusimama, kabla ya lolote, yule mtoto alicheka vile vile kama aliyekuwa bado dirishani. Kisha akalikunja la kwake kwa glavu iliyojaa gundi, likanasa, likakataa kuchomoka, na kaka yake akaanza kucheka na kulia pamoja, akalivuta taratibu kwa kidole. Wasichana walipiga makelele mpaka watu wa jengo la pili wakadhani mkanda umeshika moto, wakaja na ndoo za mchanga. Mimi nililia waziwazi na sikujali nani ananiona.

Makelele yalipopungua, Lovina alimshika kola kwa mikono yote miwili. "Tad," akasema, "mimi naitwa nani?"

Wasichana wote wakasogea karibu.

"Rosaleen," akajibu. "Rosaleen Garrity. Mama alikuwa anakuita Rosie."

Akalirudia jina hilo polepole, mara mbili, kama anayejaribu kiatu. Halafu akatugeukia sisi. "Mmesikia? Naitwa Rosaleen!"

"Tumesikia," nikasema. "Kaa chini, Rosaleen, mpe na kaka yako kiti."

Jioni ile, walipokuwa wamekwenda kula, nilifungua mkebe wa tumbaku. Picha zilikuwa sitini na saba, kamili, hazina hata mkwaruzo. Nikaketi kuzirudisha mahali pake kwenye kopi namba ishirini na tatu, kama kazi yangu inavyotaka. Nikachukua gundi. Nikaiweka gundi chini, nikachukua mkasi.

Nilikata picha tatu, zile ambazo sikio limeanza kuchomoka lakini halijamaliza. Moja ikaenda Nebraska ndani ya kofia ya Tad. Moja Rosaleen aliibandika juu ya meza yake. Ya tatu ninayo hapa. Huwa naishika dirishani, na mgeni akiitazama huniuliza huyu msichana mwenye nywele nyeusi ni nani. Namwambia ni nyekundu, hebu tazama vizuri.